Nahodha Asiyesoma Ukurasa Wake

Aliyekuwa mume wangu, Royston Hargreave, alicheza mpira wa kulipwa kwa miaka kumi na tisa, na ukimuuliza mtu yeyote hapa Harrowclough atakwambia alikuwa beki mwenye busara. Ubeki ulikuwa wake. Busara ilikuwa yangu, nikimgawia kila Alhamisi. Ningejibakishia hata kijiko kimoja, nisingekuwa na kisa hiki cha kusimulia.

Nianze na yeye, maana ndiye aliyekuwa na picha kwenye kadi za soka wanazokusanya watoto. Alikuwa na urefu wa futi sita na inchi tatu, shingo kama gogo, na paji la uso lililobonyea kidogo kwa sababu ya kazi. Alianza na timu ya daraja la pili, wakampa dakika kumi na moja. Katika dakika hizo alipiga mpira kichwa mara nne, akaonyeshwa kadi ya njano, na hawakumwita tena. Kutoka hapo alishuka madaraja kama mtoto anayeshuka ngazi kwa makalio, taratibu, moja moja, bila kuumia sana. Timu sita, mechi mia sita na kumi na nne, mabao kumi na sita, na katika hayo saba aliyafunga kwenye goli lake mwenyewe.

Mimi nilihama naye nyumba nane. Niliacha shule bila cheti nikaingia kiwanda cha mapazia, kwa hiyo kila mji tuliofika nilikuwa napunguza au kuongeza mapazia yale yale. Mpaka leo nikiliangalia dirisha la mtu najua upana wake. Elimu yangu inaishia hapo.

Safari yake iliishia Harrowclough Town, daraja la nne, na ndiko nilikozaliwa mimi. Uwanja uko nyuma ya kiwanda cha vitanda cha Mzee Ormerod, ambaye pia ndiye mwenyekiti wa timu. Siku za mechi mimi huuza pai kwenye dirisha la pili, chini ya jukwaa la mashariki, pamoja na shoga yangu Beryl Tonge, mwanamke ambaye hajawahi kuficha wazo lolote lililomjia kichwani.

Basi, kila mechi ya nyumbani klabu huuza kijitabu, na ukurasa wa tatu ni wa nahodha. Lazima aseme neno na mashabiki. Royston alipopewa unahodha alirudi nyumbani na uso wa mtu aliyeambiwa atazaa.

"Wanataka maneno mia tatu, Noreen."

"Kuhusu nini?"

"Chochote. Mimi nimeandika haya."

Nikakisoma kikaratasi. Vijana wamejituma. Tunaendelea. Asanteni kwa kuja.

"Bado mia mbili tisini na nne," nikamwambia.

"Unaona? Nilijua wewe utayaweza."

Na kweli niliyaweza, na kosa la maisha yangu likawa hilo. Baba yangu, Wilfred Sagar, alipofuka macho kwenye kiwanda cha chuma nikiwa na miaka tisa. Kila Jumamosi jioni nilitumwa kununua lile gazeti la michezo la karatasi ya rangi ya waridi nimsomee mwanzo mpaka mwisho, hata daraja la nne, hata mechi zilizoahirishwa kwa ukungu. Nikisoma sentensi mbaya alikuwa ananisimamisha: "Rudi nyuma mama, hapo mwandishi alishachoka." Kwa hiyo sikusoma shule, lakini sentensi iliyochoka naijua kwa harufu.

Kazi ile ilikuwa na mtego wake. Kijitabu cha mechi ya Jumanne kilipelekwa kuchapwa Ijumaa, kabla ya mechi ya Jumamosi. Yaani nahodha anatakiwa kuzungumzia mechi ambayo bado haijachezwa. Mara ya kwanza sikujua. Niliandika juu ya "furaha tuliyowapa Jumamosi", na Jumamosi wakafungwa sita bila. Jumanne watu elfu tatu walikaa kwenye baridi wakisoma habari za furaha yao. Tangu hapo nikajifunza kuandika maneno yanayofaa ushindi na kipigo sawasawa. "Jumamosi kila mtu aliona sisi ni watu gani." "Siku ile itakaa nasi muda mrefu." Nikawa fundi wa maneno hayo. Ajabu ni kwamba Royston naye aliyajua, ingawa hakuwahi kusoma hata mstari mmoja. Nikimuuliza, "Bado unanipenda?" ananijibu, "Tumetoka mbali, Noreen." Na mimi, fundi mwenyewe, nilikuwa naridhika.

Msimu wa tano nikaishiwa. Huwezi kusifia kiwanja chenye matope kila wiki mbili. Nikaandika habari za baba: kwamba kulikuwa na mzee kipofu aliyekuwa anasimama nyuma ya goli, akijua kwa sauti ya mashabiki tu mpira uko wapi, na kwamba siku timu inacheza vibaya alikuwa anasema, "Leo wanapiga mpira kama watu wanaofunga milango." Lakini ukurasa ulikuwa wa Royston. Kwa hiyo niliandika "baba yangu", na juu yake kulikuwa na picha ya Royston.

Sasa baba yake Royston, Len Hargreave, alikuwa dereva wa lori mwenye macho mazima, na kila Jumamosi alikuwepo uwanjani. Siku ile alikuja dirishani kwetu akihema.

"Noreen, kuna nini leo? Watu wawili wamenishika mkono kunivusha barabara. Mmoja kanisomea bei ya pai!"

"Watu wema tu, baba."

"Mwanamke mmoja kanipapasa uso, kasema nina uso wa heshima!"

Beryl akamwambia, "Basi tulia Len, hiyo bahati haiji mara mbili."

Alivushwa barabara miaka minne. Mwishowe alichoka kubisha akawa anauachia mkono. Mimi nilikuwa nacheka nyuma ya birika la chai mpaka mbavu zinauma.

Ukurasa ule ndio uliomleta Harriet. Harriet Loxley alikuwa mhariri mpya wa kijitabu, mwanamke aliyesoma chuo kikuu, mwenye miwani na baiskeli. Alikuwa na tabia ya kumrudishia nahodha karatasi yake baada ya kuchapwa, na pembeni ameandika kwa penseli ya kijani. "Hapa nimelia." "Umeipata wapi hii?" "Nimeusoma mara mbili."

Karatasi zilirudi ndani ya begi la Royston, zimekunjwa pamoja na soksi chafu. Yeye hakuzifungua. Nilizifungua mimi, zikinuka dawa ya misuli, nikazisoma nimesimama karibu na mashine ya kufulia. Shuleni sikuwahi kuandikiwa kitu pembeni isipokuwa neno "uchafu". Kwa hiyo nitasema wazi: niliingiwa wazimu. Nikaanza kuandika kwa ajili ya ile penseli. Sentensi ya Jumatatu naifuta Jumanne, naitafuta upya Jumatano. Niliandika juu ya magoti, mvua, na hofu ya beki anaposubiri mpira mrefu unaoshuka na jua machoni. Hofu hiyo nilimdondoa Royston kidogo kidogo akila, kama mtu anayetoa miba ya samaki.

Tena nilikuwa namhimiza. "Muulize Harriet kaupenda?" Mara moja nilimpa keki ya tangawizi ampelekee. Keki niliyooka mwenyewe! Hakuna mwanamke Harrowclough nzima aliyetongozewa mume wa mtu kwa bidii kama Harriet, na mtongozaji nilikuwa mimi, mwenye mume.

Februari Royston alinikuta napiga pasi.

"Noreen, nahamia kwa Harriet."

Nikaendelea na mkono wa shati. "Kwa nini?"

"Ananielewa. Anasema nina mambo mengi ndani."

"Mambo gani?"

Akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Sijui. Lakini anasema yapo."

Akaondoka na begi lile lile. Nikabaki na mapazia.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Alhamisi ya wiki iliyofuata Royston alikuja dirishani wakati tunaosha trei, akainama kwa sababu dirisha ni fupi.

"Noreen. Umeandika?"

Beryl alidondosha trei. "Mungu wangu! Kakuacha, halafu anakuja kuchukua kazi ya nyumbani?"

Mimi nilikuwa nimeandika. Karatasi ilikuwa mfukoni mwa aproni tangu asubuhi. Nikampa.

"Wewe ni mgonjwa," Beryl akaniambia alipoondoka. "Nakwambia kama rafiki."

"Najua."

"Unamwandikia ili arudi?"

Jibu lilinitia aibu kuliko kuachwa kwenyewe. Royston sikumhitaji sana. Alikuwa mtu wa kuhamishia samani. Nilichoshindwa kukiacha ni ile penseli ya kijani. Duniani kote nilikuwa na msomaji mmoja tu, na msomaji huyo alikuwa analala na mume wangu. Niliandika hivyo Februari, Machi na Aprili, na Royston akawa ananirudishia karatasi kwa kuwa nilimwambia ni desturi. Zilikuwa bado za kijani, lakini maneno yalikuwa yamepungua. Mara ya mwisho Harriet aliandika: "Kwa nini huongei hivi nyumbani?"

Niliisoma hiyo nikakaa kwenye ndoo.

Mwezi Mei Royston alikuwa anastaafu. Magoti yalikuwa yamekwisha. Mechi ya mwisho ya msimu ilikuwa nyumbani, na Mzee Ormerod alikuwa anatafuta kocha mpya. Mzee alishatangaza kwamba amechoka na makocha wanaopiga kelele, anataka mtu mwenye fikra. Royston akaja dirishani, mara hii kavaa tai.

"Noreen, hii ya kuaga iwe ya kuliza watu. Mzee ataisoma. Ukocha uko hapo hapo."

"Nikiandika, mimi napata nini?"

Akanitazama kama refa aliyeulizwa swali na mpira. "Unataka nini?"

Nikashangaa kwamba sikuwa na jibu tayari. Miaka tisa ya maneno, na hilo moja sina. Nikamwambia njoo Alhamisi.

Nilikaa mezani siku tatu. Nilijua ninachokitaka nilipojikuta nimeandika jina langu. Nilikuwa sijawahi kuliandika kwenye karatasi hizo, na lilionekana kama jina la mtu wa mtaa mwingine. Nikaliacha pale, nikajenga mengine kulizunguka. Maneno yalitoka hivi, kwa sauti ya Royston, kwa mara ya mwisho:

"Mimi ni beki. Kazi yangu imekuwa kuuondoa mpira, na nimeuondoa vizuri. Ukurasa huu sikuwahi kuuandika. Sikuwahi hata kuusoma. Umeandikwa na Noreen, anayewauzia pai dirisha la pili, ambaye nilimwacha mwezi Februari. Kipofu alikuwa baba yake, Wilfred Sagar. Baba yangu mimi anaona, mwacheni avuke mwenyewe. Kama mmewahi kupenda kitu humu, mwambieni yeye. Kwangu ilitosha mkipiga makofi nilipopiga kichwa."

Hayakufika mia tatu, lakini hayakuwa yamechoka. Alhamisi nikayatia kwenye bahasha bila gundi.

"Royston, hii isome kwanza."

"Niisome ya nini?" Akaitia mfukoni. "Mimi nakuamini."

Alisema kweli, na ndiyo sababu iliniuma. Miaka kumi na saba ya ndoa, neno tamu kuliko yote ananiambia kupitia dirisha la pai, siku ninayomtilia sumu. Mkono wangu ulitoka kabisa kuidai bahasha. Beryl akaweka kitambaa cha kufutia meza juu ya mkono huo.

"Umemwambia aisome," akasema. "Usiongeze."

Ijumaa asubuhi mlango ukagongwa. Harriet, na baiskeli, na ile karatasi mkononi. Hakuivua kofia ya baiskeli, na mimi nilikuwa na vibano vya nywele. Tulitazamana kama mabeki wawili walioachiana mpira.

"Bi Noreen, hii ni kweli?"

"Ingia, kuna upepo."

Nikamkalisha jikoni. Hakugusa chai. Akaanza kuniuliza moja moja, kama polisi.

"Mzee aliyesema wanafunga milango?"

"Baba yangu."

"Jua machoni, mpira ukishuka?"

"Hofu yake Royston. Maneno yangu. Ilinichukua chakula cha jioni mara tano."

"Na ule wa mvua?"

"Nilikuwa naanika nguo."

Akaivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. "Miezi mitatu nimekaa na mtu yule nikisubiri aseme sentensi moja. Moja tu. Jana kaniambia chai imepoa."

"Kwake hiyo ni hotuba," nikamwambia.

Akacheka, halafu akalia, halafu sikujua kama nimpe tambara au nimtoe nje. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia kwa wiki nyingi, nilikuwa na maneno yake kabisa, mazuri. Lakini alikuwa mtu pekee aliyewahi kunisoma. Nikampa tambara.

"Nichape au nisichape?" akaniuliza. "Nikiuchapa, kazi ya ukocha anaikosa. Na mimi mji mzima utanicheka."

"Mimi wamenicheka tangu Februari. Haiui."

"Unataka nichape?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ndiyo. Nikasema, "Mhariri ni wewe." Miaka tisa ya kuandika maneno yanayofaa ushindi na kipigo, na siku yangu yenyewe nikatoa lile lile la uoga! Harriet akapanda baiskeli akaenda, na mimi nikajipiga kofi la paji la uso.

Jumamosi sikuthubutu kununua kijitabu. Beryl alinunua. Alikifungua juu ya kaunta, kwenye mchuzi, akanyamaza. Beryl akinyamaza, watu huwa wanaita gari la wagonjwa.

"Sema basi!"

Akakigeuza nione. Maneno yote yalikuwepo, hakubadilisha hata nukta. Na juu ya ukurasa, pale ilipokuwa picha ya Royston kwa miaka tisa, kulikuwa na picha yangu. Klabu nzima ilikuwa na picha moja tu iliyonipata, ya sherehe ya Krismasi, nikiwa nyuma ya birika. Kilichoonekana ni kofia yangu ya wavu na kiwiko. Basi ndicho kiwiko kilichoingia kwenye historia ya Harrowclough Town.

Mapumziko yalipofika foleni ya dirisha letu ilizunguka jukwaa. Wengine hawakutaka pai. Mzee mmoja alinishika mkono tu, akasema, "Ule wa mvua," akaondoka. Len alikuwa anakatiza katikati ya watu na kijitabu juu.

"Mmesoma? Mmesoma? Miaka minne nawaambia naona!"

"Na ule uso wa heshima?" Beryl akamuuliza.

"Huo wasiufute!"

Royston yeye alikuwa kiwanjani, hajui lolote. Alicheza vizuri, lazima niseme. Dakika ya themanini na nane wakainua kibao atoke, na uwanja wote ukasimama. Nyuma ya goli wakaanza kuimba: "Nani kaandika?" Upande wa pili ukajibu: "Noreen!" Royston akapunga mikono yote miwili, machozi yanamtoka, akidhani wanamwimbia yeye.

Baada ya kipenga cha mwisho alikuja dirishani na soksi, bila viatu, kijitabu mkononi. Mtu alikuwa amempa. Alikisoma mbele yangu, akifuata mistari kwa kidole, na midomo inatembea. Ndio ukurasa wake wa kwanza. Nilisubiri anitukane.

"Ni mzuri," akasema. Halafu, "Kwa nini hukuniambia kwamba ni mzuri?"

Nikampa pai.

Mnataka kusikia kwamba aliukosa ukocha. Hata mimi nilitaka. Mzee Ormerod aliusoma ukurasa ule akapiga meza: "Mtu anayejua kuwaachia wengine wanachokiweza! Huyo ndiye kocha!" Jumatatu Royston akapewa kazi. Hivyo nilimpindua kwa mikono yangu mpaka juu ya kiti cha ukocha. Agosti Harriet alihamia York na baiskeli yake, peke yake, na kabla ya kuondoka alinigawia ukurasa wangu kwenye kijitabu, wa ishirini na saba, kati ya tangazo la duka la mazulia na tangazo la wazika maiti. Una jina langu juu. Namtumia nakala kwa posta, na inarudi na penseli ya kijani. Juzi aliandika: "Hapa umechoka, rudi nyuma." Nikarudi.

Royston alikuja mara moja tu kuniomba nimwandikie neno la kocha. Nikamwambia hapana, neno fupi ambalo halifai ushindi na kipigo sawasawa. Sasa anaandika mwenyewe. Vijana wamejituma. Tunaendelea.

Lakini amekuwa msomaji. Beryl kamwona: kila mechi ya nyumbani, kabla ya kugusa orodha ya wachezaji, anafungua ukurasa wa ishirini na saba, anapita na kidole mstari kwa mstari, akitafuta kama yumo. Misimu miwili sikumweka hata mara moja, na kila mara anasoma mpaka chini, mpaka kwa wazika maiti. Leo nimemweka, humu humu, tena mwanzo mpaka mwisho. Asije akasema hakuambiwa asome.